Je, wajua? Filamu ya kitabu unachokipenda haikukeri kwa sababu ya kilichokatwa

Muulize msomaji aliyetoka kutazama filamu ya riwaya aipendayo kwa nini amenuna. Atakwambia wamekata mno. Mtetezi wa filamu naye atamjibu papo hapo: wangefanyaje, na muda hautoshi? Wanabishana, lakini kuna jambo wanalokubaliana bila kujua, kwamba shida ni urefu wa kitabu. Tupime dai hilo kwa The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, riwaya iliyotoka kwa mafungu matatu mwaka 1954 na 1955, na filamu tatu za Peter Jackson za 2001, 2002 na 2003. Ni hadithi ya pete yenye nguvu mbaya inayopaswa kutupwa kwenye moto wa mlima ilikofuliwa, na ya Frodo, mtu mfupi wa kabila la hobiti, aliyebebeshwa kazi ya kuipeleka.

Kwa juujuu hesabu ya muda inakubali. Kitabu kina kurasa zaidi ya 1,000, na kukisoma chote kwa sauti huchukua zaidi ya saa 50. Filamu, kama zilivyoonyeshwa kwenye majumba ya sinema, zina dakika 178, 179 na 201, yaani saa tisa na dakika 18. Lazima kuna watakaobaki nje. Anayetajwa kila mara ni Tom Bombadil, mzee wa msituni mwenye buti za njano, ambaye maneno yake yote hutoka kama wimbo na ambaye anawaokoa hobiti wanne safari ikiwa bado changa.

Sasa fungua ukurasa wa pili wa daftari. Filamu hizohizo zilizokosa dakika za Bombadil zilipata dakika za mambo ambayo kitabuni hayamo. Aragorn, mpiganaji anayemsindikiza Frodo mwanzoni mwa safari, anaburutwa hadi ukingoni mwa genge, anaporomoka mtoni, anadhaniwa amekufa, kisha anarudi. Kitabuni hakuporomoka popote. Jeshi la Waelfi, watu wa hadithi wasiozeeka, linakuja kuitetea ngome ya Helm's Deep, kitabuni halikuja. Arwen, binti wa Waelfi, anampakia Frodo mgonjwa kwenye farasi na kumvusha mto, ilhali kitabuni Frodo anavuka peke yake juu ya farasi wa Glorfindel, bwana mmoja ambaye filamu haimjui kabisa. Kama muda ulikuwa haba, huu umetoka wapi?

Tena mwaka 1981 BBC ilitangaza riwaya hii kama mchezo wa redio wa vipindi 26 vya nusu saa. Hizo ni saa 13, na redioni hakuna farasi wa kukodi wala majeshi ya kuvisha deraya. Bombadil hakumo. Hakumo pia katika filamu ya katuni ya Ralph Bakshi ya 1978. Ukimpa mtu saa mbili na ushee anamwacha, ukimpa tisa anamwacha, ukimpa 13 anamwacha vilevile. Hapo saa haina kosa.

Tolkien mwenyewe hakuwa mkali kuhusu kukata. Mwaka 1958 alisoma mpango wa filamu uliotungwa na Morton Grady Zimmerman, akaandika barua ndefu ya malalamiko ambayo mashabiki wa leo wangeitia sahihi bila kusoma mara ya pili. Tai wanatumiwa ovyo. Lembas, mkate wa safari wa Waelfi, umeelezwa kama chakula cha maabara. Lakini alipofika kwenye kupunguza, alisema kwamba kama vita vya Helm's Deep na habari za Waenti, wale wachungaji wa miti, haviwezi vyote viwili kupewa nafasi ya kueleweka, basi kimoja kiondoke, na kinachofaa kuondoka ni vita. Filamu ya 2002 ilijengwa juu ya vita hivyohivyo. Kilichomuudhi Tolkien ni mambo kubaki yakiwa yamevurugwa.

Hivyo ndivyo lawama za watazamaji zinavyogawanyika pia, ukizisikiliza kwa makini. Wanaomlilia Bombadil hulia nusu kwa utani. Anayewauma kweli ni Faramir, na Faramir hakukatwa. Yumo, ana jina lake na upinde wake.

Kitabuni, Faramir ni nahodha wa Gondor, ufalme wa wanadamu, anayemkamata Frodo msituni. Kabla hajajua Frodo amebeba nini, anasema kitu hicho asingekiokota hata kama angekikuta kando ya njia. Akishajua kuwa ni ile pete, anaona maneno yale yamemfunga kama kiapo, na anamwacha Frodo aende. Ndugu yake Boromir alishindwa mtihani huohuo wa kuikataa pete na akafa siku hiyohiyo. Tolkien aliwahi kuandika kwamba ikiwa kuna mhusika anayefanana naye, basi ni Faramir. Kwenye filamu, mtu huyohuyo anaamua pete ipelekwe kwa baba yake, anawaswaga Frodo na Sam, mwenzake wa safari, hadi mji uliobomoka wa Osgiliath, na anawaachilia dakika za mwisho kabisa.

Kwa nini waandishi wa filamu walimgusa mtu asiye na kosa? Maelezo yao ni kwamba filamu mbili zilikuwa zimetumia saa nyingi kumwonyesha mtazamaji kuwa pete hii haimwachi yeyote salama. Fikiria nyumba yenye kibao cha "Mbwa Mkali" getini. Kwa saa nzima umekaa ng'ambo ya barabara ukitazama. Mzee mwenye busara amekuja, ameona mbwa, amerudi nyuma akitetemeka. Malkia amekuja, ameponea chupuchupu. Askari shujaa ameingia na hakutoka. Kisha anakuja kijana usiyemjua, anampapasa mbwa kichwani, anasema "mbwa mzuri", anaenda zake. Wewe uliyekaa ng'ambo hutasema kijana yule ni jasiri. Utasema mbwa yule kumbe si mkali, na kuanzia hapo kila anayepita getini hakutii wasiwasi tena. Kumbe kijana amekulia na mbwa, anajua la kufanya na mikono yake, na ndani anaogopa kama wengine. Kitabu kingekuingiza moyoni mwake ukayajua hayo. Kamera imebaki barabarani na wewe.

Tolkien alikuwa na nafasi ya kumtambulisha kijana. Faramir na Frodo wanazungumza kwa sura nzima na zaidi, kuhusu nasaba, vita na marehemu Boromir, mpaka msomaji anaijua tabia ya mtu kabla ya mtihani kufika. (Wanaotafsiri filamu kwa sauti kwenye vibanda umiza vyetu wana dawa ya tatizo hili: wanakwambia tu mhusika anawaza nini. Jackson hakuwa na ruhusa hiyo.) Palikuwa pia na sababu kavu zaidi: buibui Shelob, anayefunga fungu la pili la kitabu, alihamishiwa filamu ya tatu, kwa hiyo upande wa Frodo ulihitaji kishindo kingine cha kumalizia.

Rudi sasa kwa Bombadil. Kitabuni anaivaa pete kidoleni, ambayo wengine wakiivaa hawaonekani, na yeye hapotei machoni pa watu, kisha anairudisha kama mtu anayerudisha kibiriti. Huyo ni kijana mwingine wa kumpapasa mbwa, tena mapema mno, kabla mbwa hajabweka. Jackson alieleza kwamba alimwacha kwa kuwa hasukumi hadithi mbele, lakini utaratibu huuhuu unatosha kuonyesha kwa nini wengi wanaoigiza riwaya hii wanampita.

Ni Watazamaji wangapi hasa wanaokereka hivyo, ni vigumu kusema. Mradi mkubwa wa utafiti ulioongozwa kutoka Aberystwyth, Wales, ulikusanya fomu karibu 25,000 za watu walioitazama filamu ya tatu katika nchi mbalimbali, lakini walijaza waliopenda kujaza, na mtu asiyejali hajazi fomu. Filamu hiyo ya tatu pia ilishinda Oscar 11, kwa hiyo hasira, kama ilikuwepo, haikuzuia mtu kukata tiketi. Christopher Tolkien, mtoto wa mwandishi, ndiye hakulainika: mwaka 2012 aliliambia gazeti la Le Monde kwamba kitabu kimepasuliwa matumbo kikafanywa filamu ya mapigano ya vijana.

Toleo refu la filamu ya pili lilirudisha kipande kimoja kinachomwonyesha baba akimdharau Faramir na kumpendelea Boromir. Baadhi ya wasomaji walipoa hapo. Faramir anafanya yaleyale aliyoyafanya sinemani; tofauti ni kwamba safari hii wameambiwa kijana amelelewa wapi. Wengine hawakupoa, na hao hupenda kunukuu maneno ya Sam akiwa kwenye magofu ya Osgiliath, mahali ambapo kitabuni hafiki kabisa: kwamba kwa haki hata hawakupaswa kuwa pale.