Shafti za Sierra kwenye gari la kujiundia: yasemwayo na yaliyo kweli

Tangu Lotus Seven, kigari chepesi cha michezo cha Uingereza, itoke mwaka 1957, Waingereza hawajaacha kujiundia vigari vya mtindo ule kwenye gereji za nyumbani. Ford Sierra ni miongoni mwa magari yaliyochinjwa sana kwa kazi hiyo: injini, giaboksi, difu (inayogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili ya nyuma), na shafti zinazopeleka nguvu hiyo toka difu hadi kila gurudumu la nyuma. Kwenye shafti ndiko maneno ya uongo yamejaa.

"Shafti za gari la familia zitakatika." Hofu hii imewatoa watu pesa bure. Tupige hesabu. Injini ya Nm 150 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), ikipitia gia ya kwanza ya Sierra inayoizidisha mara 3.65 na difu inayoizidisha mara 3.92, inatoa karibu Nm 2,150. Kila shafti inabeba nusu, yaani Nm 1,070 hivi. Sasa tazama tairi. Kigari chenyewe kina kilo 600 tu, na gurudumu la nyuma likilemewa na kilo 200 linaanza kuserereka kwenye lami kavu kabla ya kufika Nm 600. Tairi inaachia mapema, shafti inapona. Sierra yenyewe, yenye uzito wa zaidi ya tani moja, iliitesa zaidi. Ukifunga tairi laini za mashindano, hapo piga hesabu upya.

"Ikizidi urefu, kata uunge." Nakusihi, usithubutu. Chuma cha shafti kimekomazwa kwa moto kiwandani, na joto la kuchomelea linaua ukomavu ule. Ufa unaanzia pembeni mwa weldi, na siku ikikatika unaweza kuwa kwenye mwendo. Agiza mpya ya kipimo chako, au jenga mikono ya magurudumu ifuate urefu wa shafti uliyonayo.

"Pima gari likiwa limetulia chini." Hapa ndipo wengi wanapoumia. Jointi (kiungo kinachopinda mwishoni mwa shafti) ya upande wa difu huteleza ndani na nje kadiri gurudumu linavyopanda na kushuka, kwa hiyo kipimo cha gari lililotulia kinakuonyesha hatua moja tu ya safari nzima. Mimi natoa springi kabisa, naweka jeki chini ya habu (kitovu kinachofungiwa gurudumu), navua mpira wa jointi nione rola zake zinavyotembea ndani ya kikombe chake. Kisha napandisha sentimita mbili mbili, kuanzia gurudumu linaning'inia mpaka linagota juu. Safari yote lazima ibaki akiba ya milimita kadhaa kila upande. Gari langu la kwanza lilikuwa sawa kabisa likiwa chini. Nilipolinyanyua, rola zikafika ukingoni mwa kikombe. Shafti ikiwa ndefu nayo inagonga mwisho na kuzisukuma beringi za difu.

"Sierra ni Sierra." Hapana. Nyingine shafti huchomekwa kwenye difu, nyingine hufungwa kwa bolti. Nunua difu, shafti na habu kutoka gari moja.

Jointi inayolia ka-ka-ka kwenye kona haitibiwi kwa grisi. Njia za gololi zimeshalika. Badilisha.

"Shafti hazijafungwa bado, lakini gari unaweza kulisukuma." Nati ya mwisho wa shafti ndiyo inayobana habu kwenye beringi. Bila hiyo, beringi inabeba uzito ikiwa imelegea na inaharibika. Ukitaka kulihamisha gari, chomeka hata jointi ya nje, ya upande wa gurudumu, peke yake, kaza nati kwa spana ya torki, ndipo usukume.