"Mtoto ana mawazo gani?"

"Mtoto ana mawazo gani? Halipi kodi, halishi mtu." Maneno haya utayasikia Chamwino, Kongwa, hata Dodoma mjini, na yana mantiki yake: mtoto akigombezwa asubuhi, jioni yumo uwanjani anakimbiza mpira. Unaona kasahau.

Kinachofahamika ni tofauti. Takriban nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 18. Mtoto mara nyingi hana maneno ya kuyaeleza, basi mwili humsemea. Chukua binti wa darasa la sita anayelalamika tumbo kila Jumatatu. Kipimo cha malaria hakioni kitu, dawa ya minyoo kameza, na Jumamosi anakula ugali na mlenda wake vizuri tu. Mwingine anarudia kukojoa kitandani, au anakasirika ovyo, nasi tunasema ni utukutu wa kubalehe. Nyuma yake huenda kuna kipigo, ugomvi wa wazazi, msiba, kuonewa shuleni, au njaa ya miezi ya kabla ya mavuno. Kurithi nako kumo.

Kuhakiki hakuhitaji utaalamu. Kwa wiki mbili andika kwenye daftari usingizi wake, chakula, marafiki, na siku maumivu yanapokuja. Muulize mwalimu kama naye anayaona. Yakijirudia, nenda naye kituo cha afya, daftari mkononi, au piga 116, simu ya bure kwa ajili ya watoto. Kununa kwa siku moja, kusema kweli, ni kununa tu.