Retina Iliyobandikwa Hubanduka Tena kwa Nini?

Retina ni utando mwembamba uliotanda kwenye ukuta wa nyuma wa jicho. Ndio unaopokea mwanga na kupeleka habari zake kwenye ubongo. Ukitoboka, majimaji ya ndani ya jicho hupenya kwenye tundu, yakajikusanya nyuma yake na kuubandua ukutani. Mgonjwa huona vimulimuli na vidoti vyeusi vinavyoelea, kisha kivuli kama pazia. Zamani huo ulikuwa upofu, hadi Jules Gonin, daktari wa macho wa Lausanne, Uswisi, alipoonyesha katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 kwamba kazi kubwa ni kuliziba tundu. Wazo hilo ndilo linaloongoza upasuaji hadi leo, na kwa wagonjwa kama 85 hadi 90 kati ya 100 retina hushika kwa upasuaji wa kwanza.

Wanaobaki ndio wanaonifanya niandike. Mara nyingi familia huondoka ikiamini kwamba daktari kaliharibu jicho. Huenda makosa yakatokea, lakini tatizo la baada ya upasuaji ni jambo linaloweza kufuata hata pale kila kitu kilipofanywa sawasawa.

Adui mkubwa ni kovu. Nyuma ya retina kuna safu ya chembe zenye rangi. Retina inapotoboka, baadhi ya chembe hizo hupita tunduni na kuingia ndani ya jicho, zikatua juu ya retina na kuanza kuzaana. Mwili unadhani unaponya kidonda. Matokeo yake ni utando wa kovu, na kovu lolote hujikunja linapokomaa. Aliyewahi kuungua mkono anajua jinsi ngozi inavyovutana. Ndani ya jicho kovu hilo huivuta retina, likaikunja na kuing'oa mahali ilipobandikwa. Huwapata wagonjwa kama 5 hadi 10 kati ya 100, hasa katika miezi 2 au 3 ya mwanzo, na ndilo sababu kuu ya upasuaji kushindwa. Hatari huongezeka tundu likiwa kubwa, damu ikiwa imevuja ndani ya jicho, au mgonjwa akiwa amechelewa wiki kadhaa kufika hospitali. Dawa yake ni kurudi chumba cha upasuaji, kovu libanduliwe polepole, na mara nyingi jicho lijazwe mafuta ya silikoni ya kuishikilia retina.

Jambo la pili halizungumzwi vya kutosha kwetu: gesi. Ili retina ikandamizwe ukutani hadi ishike, daktari huweza kuacha kiputo cha gesi ndani ya jicho. Kuna gesi inayokaa wiki 2 hivi na nyingine inayofika wiki 8. Mgonjwa huona mstari unaochezacheza kama maji ndani ya chupa, ukishuka siku hadi siku kadiri kiputo kinavyopungua. Sasa, gesi hutanuka hewa ya nje inapokuwa nyepesi. Jicho halina pa kutanukia, kwa hiyo presha hupanda ndani yake, na ikizidi huziba mshipa wa damu unaolisha retina. Ndiyo maana mwenye gesi jichoni hapandi ndege kabisa hadi daktari aseme imekwisha, hata kama tiketi ya kurudi kutoka India imeshalipiwa.

Milima nayo ni vivyo hivyo. Aliyepasuliwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, akapanda basi la Mbeya, atapandishwa mlima wa Kitonga na kufikia mita kama 1,700. Wa Mombasa anayerudi Nairobi anapanda kiasi kama hicho. Mwambie daktari nyumbani kwako ni wapi kabla hajachagua gesi. Na ukihitaji upasuaji mwingine wowote wakati huo, hata wa jino, sema mapema una gesi jichoni: nitrasi oksaidi inayotumika kwenye nusu kaputi huingia ndani ya kiputo na kukitanua kwa dakika chache tu.

Mafuta ya silikoni hayana shida ya ndege, lakini hayatoki yenyewe. Kwa kawaida hutolewa baada ya miezi kadhaa. Yakisahaulika yanaweza kuvunjika kuwa matone madogo madogo, yakapandisha presha ya jicho na kuharibu kioo cha mbele. Inaniuma kusikia mtu aliyeokolewa jicho kisha akalipoteza kwa kukosa nauli ya kurudi.

Mengine niyataje kwa ufupi. Mtoto wa jicho huja karibu kila mara kwa aliyevuka miaka 50 na kutolewa ute wa ndani ya jicho wakati wa upasuaji, kwa kawaida ndani ya miaka 2, naye hutibika. Aliyefungwa mkanda wa silikoni nje ya jicho katika upasuaji huo anaweza kuona vitu viwili viwili au kuhitaji miwani mipya. Maambukizi ya ndani ya jicho ni nadra mno, chini ya mtu mmoja kati ya elfu, ila ni dharura.

Baada ya upasuaji jicho huwasha na kuwa jekundu kidogo, na hali hiyo hupungua kila siku. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kichefuchefu pamoja na jicho kuuma, usaha, au pazia kurudi, ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Gesi ikishakwisha, kila asubuhi funika jicho lisilopasuliwa, tazama fremu ya dirisha lilelile kwa jicho lililopasuliwa, na uangalie kama kona zote nne bado zipo na mistari haijapinda.