Kukata roho maana yake nini?

Jirani akitoka chumbani kwa mgonjwa usiku wa manane na kunong'ona mlangoni, "Ameshakata roho," hakuna anayemuuliza amejuaje. Ametazama kifua, hakipandi. Ameweka mkono puani, hakuna joto. Basi, shuka inavutwa na simu zinaanza kupigwa.

Kipimo hicho kimo ndani ya neno lenyewe. Roho tumeipata kwenye Kiarabu, na huko ni ndugu wa neno la upepo. Pwani likapata maana nyingine tena, koo: kumkaba mtu roho ni kumbana shingo asivute hewa. Waumini nao wamezoea kuikuta roho mahali hapo hapo. Katika kitabu cha Mwanzo, Mungu anampulizia mtu pumzi ya uhai puani. Katika Qur'ani, sura ya 56, mtu anayekufa anaelezwa kwa roho yake kufika kooni huku waliomzunguka wakimtazama tu.

Aliyewahi kukaa na mtu aliye kwenye sakarati anajua maelezo hayo hayakutungwa mbali na kitanda. Mgonjwa anahema haraka haraka, kisha polepole, kisha kimya. Watu wanatazamana. Anayesoma Yasini anapandisha sauti. Mara kifua kinashtuka, pumzi inarudi, na mtu anasema, "Roho ilienda ikarudi." Madaktari wanaiita hali hii Cheyne-Stokes, kwa majina ya waganga wawili wa Dublin walioieleza, John Cheyne mwaka 1818 na William Stokes mwaka 1854. Shina la ubongo, sehemu ya chini kabisa inayoungana na uti wa mgongo, ndilo linaloamuru kuvuta hewa kwa kupima kaboni dioksidi iliyo kwenye damu. Moyo ukichoka, damu hufika huko kwa kuchelewa, na ubongo unapokea habari zilizopitwa na wakati. Unaamuru kuhema sana, gesi inashuka mno, unanyamaza. Inajaa tena, unashtuka.

Na ule mkoromo wa kooni unaowatisha watoto wa marehemu mtarajiwa? Ni mate na makohozi ambayo mgonjwa hana tena nguvu za kuyameza wala kuyakohoa. Kwa kawaida fahamu zimeshafifia na hasumbuliwi nayo kama tunavyosumbuka sisi tunaosikiliza. Kumgeuza ubavu husaidia kuliko kumwagia maji mdomoni. Pamba iliyoloweshwa kulainisha midomo inatosha.

Kwa karne nyingi, basi, kipimo cha jirani kilikuwa sahihi. Pumzi ikikoma, moyo husimama dakika chache baadaye, na ubongo hauchelewi kufuata. Hakukuwa na haja ya kuuliza ni kipi kati ya hivyo vitatu hasa ndicho kifo.

Kilichovuruga hesabu ni polio. Mwaka 1952 Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ilijaa wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri watobolewe koo, waingizwe mpira, na hewa isukumwe kwa kuminya mfuko kwa mkono. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana zamu, mchana na usiku, kuwapumulia watu. Wengi waliokuwa wa kufa wakapona. Baadaye mashine zikachukua kazi ya mikono ile, na hapo likazuka jambo geni: mgonjwa ambaye ubongo wake umekufa kabisa, lakini kifua kinapanda na moyo unapiga. Moyo una cheche yake wenyewe. Ukiletewa oksijeni hausubiri amri ya ubongo. Mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ikapendekeza hali hiyo ihesabiwe kuwa kifo.

Viongozi wa dini hawakukaa pembeni kama wengi wanavyodhani. Papa Pius XII aliulizwa na madaktari wa usingizi mwaka 1957. Akajibu kwamba kuainisha saa ya kifo ni kazi ya daktari, na kwamba hakuna wajibu wa kutumia njia zisizo za kawaida ili kurefusha uhai. Baraza la kimataifa la fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, lililokutana Amman mwaka 1986 lilikubali kifo cha ubongo chote. Mwaka uliofuata wanazuoni wa Makkah wakaruhusu mashine iondolewe, ila wakakataa mtu kuhesabiwa maiti mpaka pumzi na moyo visimame. Binafsi naona tofauti hiyo ni ya haki: daktari anaweza kusema ubongo umekufa, roho imetoka saa ngapi hana chombo cha kupimia, wala hakuahidi kuwa nacho.

Cha ajabu ni kwamba hata ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, baada ya taa ya kwenye mboni na kuguswa jicho, kipimo kizito kabisa kimebaki kile kile cha jirani. Kwanza wanahakikisha mgonjwa hana dawa za usingizi mwilini na hajapoa mno. Wanampa oksijeni ya kutosha, kisha wanaichomoa mashine. Shuka linafunuliwa mpaka tumboni. Kwa dakika nane hadi kumi hakuna anayemgusa. Kaboni dioksidi inapanda, na kama shina la ubongo lina chembe ya uhai litashtuka kwa kiu ya hewa. Daktari amesimama anatazama kifua. Kisipotikisika anachukua damu kupima gesi, na mara nyingi mashine inarudishwa ili ndugu wapate kuitwa.

Wanaingia, wanakuta kifua kinapanda na kushuka. Wanaambiwa amefariki dakika ishirini zilizopita. Shangazi anaweka kiganja juu ya kifua, anasikia moyo, anamgeukia daktari.