Mkuu wa shule, kugawa kazi sio kugawa uongozi

Kuna siku nilikaa ofisini kwa mkuu wa shule moja ya kikristo, nimeenda tuongee habari za mafunzo ya walimu wake, tukashindwa hata kuanza. Kila baada ya dakika mbili mlango unagongwa. Mara mwalimu wa zamu anauliza watoto waliochelewa ibada awafanyeje, mara mtu wa stoo anataka saini atoe rimu mbili za karatasi, mara matroni kaja, ana mtoto ana homa kali na hajui ampeleke hospitali au asubiri aambiwe. Huyu wa tatu ndo alinishtua. Mtoto anachemka bwenini alafu mtu mzima aliyelea watoto wa watu miaka na miaka yuko mlangoni anasubiri ruhusa! Mkuu akanigeukia, "unaona, hapa bila mimi hakuna kinachoenda", akasema kama analalamika vile, ila usoni alikuwa na kafuraha fulani hivi.

Sasa mkuu kama huyu ukimuuliza anashirikisha wenzake kwenye uongozi atakwambia sana tu, tena atakuonesha chati ukutani: mwalimu wa taaluma, wa nidhamu, wa michezo, wakuu wa idara, chaplaini, wote majina yapo. Vyeo vipo. Ambacho hakipo ni uamuzi. Mwalimu wa nidhamu anapewa kesi azisikilize, aandike ripoti, asumbuane na watoto, ila siku mzazi mwenye sauti kubwa akija ofisini adhabu inafutwa palepale na mwalimu anakuja kusikia kwa wanafunzi. Likitokea hilo mara mbili tu, mwalimu ataendelea kubeba cheo lakini moyo haupo tena, na watoto wanajua kabisa mwenye shule ni nani.

James Spillane, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani, ameandika sana juu ya uongozi wa kugawana shuleni, na anachosisitiza ni kwamba usimwangalie mkuu peke yake anafanya nini, angalia viongozi, wanaoongozwa na mazingira yao, yaani uongozi unatokea pale watu wanapofanya kazi pamoja. Kwa wakristo hii haikupaswa kuwa habari mpya. Kwenye Biblia, Kutoka 18, Yethro anamkuta mkwewe Musa anaamua kesi za watu toka asubuhi mpaka jioni, watu wamesimama tu wanasubiri, anamwambia hii sio sawa, utachoka wewe na watu wako pia. Hapo kwenye "na watu wako" wengi tunapapita haraka, tunamuonea huruma Musa tu, wakati Yethro aliona na ile foleni. Wakawekwa wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, nao waliamua kesi ndogo wenyewe, magumu tu ndo yakapelekwa kwa Musa.

Ila mimi sura ninayoipenda zaidi ni Matendo 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahaulika kwenye huduma ya kila siku, manung'uniko yakaanza. Mitume hawakuwaambia watu waache kulalamika, na hawakuteua watu wao pia. Walitoa sifa (watu wenye ushuhuda mwema, waliojaa Roho na hekima) wakawaachia kanisa lichague 7, wao wakawaombea na kuwawekea mikono. Angalia majina yaliyochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ya kiyunani. Inaonekana waliopewa mamlaka wametoka upande uleule uliokuwa unalia! Jiulize shuleni kwako yule mwalimu anayelalamika kila mitingi kuhusu ratiba, umeshawahi kumpa ratiba aipange?

Shule zetu zina mtego wake ambao shule nyingine hazina sana. Mkuu akishasema "nimeliombea hili" mjadala umekufa, nani atabishana na maombi? Sisemi asiombe, jamani, nasema aombe nao kabla uamuzi haujafungwa. Na ile hofu ya kwamba wengine waking'aa mimi nitafifia ipo, hata kama hatuisemi. Hesabu 11, wazee wawili, Eldadi na Medadi, wanatabiri kambini, kijana mmoja anakimbia kumpa Musa habari, Yoshua anamwambia Musa awakataze, Musa anamuuliza je una wivu kwa ajili yangu, laiti watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Mkuu akiweza kusema hivo mbele ya stafu kuhusu mwalimu kijana aliyeendesha semina vizuri kuliko yeye, kazi kubwa imeisha.

Kwenye utendaji anza na eneo moja tu, usigawe vyote wiki moja. Kaa na mhusika muandike kwenye karatasi yapi anaamua mwenyewe na kukujulisha baadae, yapi mnashauriana kwanza, na yapi yanabaki kwako. Kama eneo lina bajeti apewe na bajeti yake, maana mwalimu wa michezo asiyeweza kununua hata mpira bila kuandika barua anaongoza nini? Alafu mpunguzie vipindi au kazi nyingine, hii wakuu wengi wanaruka, wanaita kushirikisha kumbe wamemuongezea mtu mzigo kwa jina zuri. Mzazi akija juu, swali lako la kwanza liwe "umeshamuona mwalimu wa nidhamu?" Kama mwalimu amekosea kweli, muite pembeni, arekebishe mwenyewe.

Na sio walimu tu. Mlinzi, mpishi, dereva, hawa wanaona watoto saa ambazo mwalimu hayupo, lakini mitingi nyingi hawaitwi kabisa.

Vipo visivyogawanywa kiholela. Pesa zibaki na saini zaidi ya moja na bodi ione vitabu vya hesabu. Ulinzi wa watoto nao, mtoto awe na watu kadhaa wa kuwaendea ila taarifa ya unyanyasaji isizungushwe kwenye kamati ijadiliwe, ipelekwe kwa mamlaka kama sheria inavyotaka, hata kama anayetajwa ni mkuu mwenyewe.

Yule mkuu tulirudi kwake muhula uliofuata. Alikuwa ameanza na matroni. Kwenye mlango wa chumba cha wagonjwa kuna karatasi: homa kali, mtoto apelekwe hospitali mara moja, dereva anachukua maagizo kwa matroni, mkuu anapigiwa simu njiani. Matroni akaniambia mara ya kwanza alipiga simu akiwa anatetemeka, akajibiwa neno moja tu, "sawa".