Kuhuisha usajili NMC: saa 450 si kazi, kazi ni kuandika

Dada mmoja mzaliwa wa Tanga, muuguzi wa wodi ya wazee, alikuja ofisini kwangu na mfuko wa Tesco umejaa karatasi. Zilikuwa hati za mshahara za miaka mitatu, kazipanga mwezi kwa mwezi na kuzifunga raba. "Saa zangu 450 hizi hapa, mwalimu," akasema. Nikamwuliza tafakuri tano, yaani maandishi ya kujitazama kazini, ziko wapi. Akacheka kidogo, kisha akanyamaza. "Hizo nitaziandika usiku wa leo." Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja kabla ya mwisho wa kuhuisha usajili wake wa uuguzi.

Mimi ni mkufunzi wa wauguzi hapa Uingereza, na wenzetu wa Afrika Mashariki ninaokaa nao kwa shughuli hii hukwama karibu wote pale pale. Uuguzi wanaujua. Kinachowatoa jasho ni kuandika habari zao wenyewe.

Tangu Aprili 2016, kila muuguzi na mkunga aliye kwenye daftari la NMC, yaani Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, huhuisha usajili wake kila baada ya miaka mitatu kwa kuonyesha kwamba bado anafanya kazi, anajifunza na anajitazama. Hakuna mtihani. Usichanganye na ada ya kila mwaka: hiyo inalipwa kivyake, na kulipa ada peke yake hakukuvushi.

Saa zenyewe, 450 za kazi ndani ya miaka hiyo mitatu, ni nyepesi. Ukifanya saa 37.5 kwa wiki, 450 zinatimia katika wiki 12. Aliyesajiliwa kama muuguzi na pia mkunga anadaiwa 900. Mtego uko kwenye aina ya saa. Miezi uliyovaa sare ya msaidizi ukisubiri mtihani wa vitendo haihesabiwi, kwa sababu ulikuwa hujaingia kwenye daftari. Miaka yako ya Muhimbili au Kenyatta kabla ya kusajiliwa huku nayo haihesabiwi, hata kama ilikuwa kumi na ulikuwa inchaji. Na ukichukua zamu za ziada kama mhudumu wa kawaida kwenye nyumba ya wazee, pesa utapata, saa hupati: inayohesabiwa ni kazi inayotegemea ujuzi wako wa muuguzi aliyesajiliwa.

Masomo ni saa 35, na 20 kati ya hizo ziwe za kujifunza pamoja na watu wengine, hata kwa njia ya mtandao. Mafunzo ya kuzima moto ambayo kila mwajiri analazimisha usiyatie humo. Kila mwaka nayakuta kwenye jalada la mtu.

Sasa tafakuri. Unatakiwa uwe na maoni matano ya watu wengine kuhusu kazi yako, na uandike tafakuri tano kwenye fomu ya Baraza. Fomu ina maswali manne: jambo lilikuwa nini, ulijifunza nini, ulibadilisha nini, na linahusianaje na Kanuni za maadili za Baraza. (Hizo Kanuni kwa Kiingereza huitwa Code, neno linalotamkwa karibu sawa na "kodi", na nimeshakutana na mgeni aliyedhani tunazungumzia makato mengine ya mshahara.)

Kwetu, ukiambiwa uandike kilichotokea wodini, ujue kuna barua ya kujieleza inakusubiri. Unaandika ili ujikinge: nilifika saa ngapi, nilimpa taarifa daktari gani, kosa halikuwa langu. Mkono ukishazoea hivyo, ukiletewa fomu inayouliza "ulijifunza nini" utaijaza kama polisi yuko mlangoni. Ndiyo maana nasoma tafakuri nyingi zinazosema "mgonjwa alilalamika, niliomba radhi, mambo yakaisha". Mtu anayefikiri simwoni humo.

Yule dada alirudi na moja ya namna hiyo. Binti wa mgonjwa alimwambia: "Unamsemesha mama kwa sauti kubwa kana kwamba hasikii." Aliandika sentensi mbili, ya pili ikiwa ya kuomba radhi. Nikamwuliza kwa Kiswahili, "Kwani ulipaza sauti kwa nini?" Akafikiri. "Kwa sababu nilimwuliza mara mbili kama ana maumivu, akanikodolea macho tu. Nikaona lafudhi yangu haimwingii, basi nikaongeza sauti." Hiyo ndiyo tafakuri. Akaendelea mwenyewe: siku hizi anakaa kitini awe usawa wa macho ya mgonjwa, anaanza na sentensi fupi, na kuhusu maumivu anamwonyesha kadi ya namba kutoka 0 hadi 10. Kwenye Kanuni, linaangukia moja kwa moja kwenye kuwasiliana kwa namna inayoeleweka. Tuliimaliza kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao baadhi ya wakufunzi wenzangu hawaupendi: jambo liwaze kwanza kwa Kiswahili. Jirekodi kwenye simu, au mweleze mwenzako kwenye basi bila kutaja mtu, ndipo uandike kwa Kiingereza. Usitaje jina la mgonjwa, namba ya kitanda, wala tarehe itakayomfanya atambulike. Jina la mfanyakazi mwenzako pia liache. Maoni si lazima yawe ya maandishi. Neno aliloliacha mwanafunzi mwishoni mwa zamu linatosha, ili mradi ulinukuu siku hiyo hiyo.

Tafakuri zikikamilika, unazizungumza na muuguzi au mkunga mwingine aliye kwenye daftari. Si lazima awe mkubwa wako. Kisha mthibitishaji, aghalabu meneja wako, anapitia jalada na kutia sahihi kwamba umetimiza masharti. Meneja akiwa muuguzi anaweza kubeba yote mawili katika kikao kimoja. Uthibitisho huu ufanyike ndani ya miezi 12 ya mwisho.

Utatamka pia kwamba una kinga ya bima ya fidia. Walioajiriwa na NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, wanayo kupitia mwajiri. Wanaofanya kazi kupitia wakala waulize. Anayejitegemea aitafute mwenyewe. Na kuna tamko la afya na mwenendo, ambalo huwatisha watu bure. Sukari, presha au ulemavu havikuondoi kwenye daftari. Linaloangaliwa ni kama unaweza kufanya kazi kwa usalama.

Tarehe: usajili ukiisha 30 Septemba, ombi lako liwe limeingia ifikapo 1 Septemba, na mlango unafunguliwa siku 60 kabla, mwanzoni mwa Julai. Kumbusho linakuja kwa barua pepe. Kama uliandikisha anwani ya wakala aliyekuleta, ingia leo kwenye akaunti yako uibadilishe. Ukiacha tarehe ipite, jina linatoka kwenye daftari, na kufanya kazi kama muuguzi au mkunga ni kuvunja sheria mpaka urudishwe, jambo linaloweza kuchukua wiki kadhaa. Likizo ya uzazi haisogezi tarehe yenyewe. Ukiona hali yako ni ya kipekee, waandikie Baraza mapema.

Unapotuma ombi huambatanishi ushahidi, unatamka tu. Lakini Baraza huchagua baadhi ya watu na kuwataka maelezo zaidi, kwa hiyo jalada usilitupe; litunze mpaka umalize awamu ijayo. Yule dada alipita zikiwa zimebaki siku mbili. Hati za mshahara bado anazo kwenye mfuko ule ule, ila sasa ndani yake kuna na kijidaftari cha kurasa ndogo. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa Kiswahili.