Mahali patatu, pembetatu moja? Dhana potofu na ukweli

Dhana: Jumla ya pande mbili, hata jozi moja tu, ikizidi upande wa tatu, pembetatu ipo.

Chukua umbali kati ya mahali patatu: kilomita 3, 4 na 9. Kwa kuwa 4 + 9 inazidi 3, mtu huridhika mapema. Lakini 3 + 4 ni 7, na 7 haifiki 9. Jumlisha pande mbili fupi, kisha linganisha na ule mrefu kabisa. Hapo pakipita, majaribio mengine mawili yamepita yenyewe.

Dhana: Jumla ya pande fupi ikilingana na upande mrefu, ni pembetatu nyembamba tu.

Si pembetatu. Umbali wa 5, 7 na 12 ni mstari mnyoofu, na eneo lake ni sifuri.

Dhana: Jumla ikipungua, basi mahali hapo patatu hapaundi pembetatu.

Kosa hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu huficha kosa lingine. Vijiti vitatu vinaweza kukataa kukutana. Mahali patatu palipo kweli kwenye uwanja tambarare, pakipimwa kwa mstari mnyoofu, hapawezi kutoa jumla iliyopungua. Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki, alilithibitisha hilo mnamo mwaka 300 KK hivi. Proclus, mwanafalsafa aliyekifafanua kitabu cha Euclid, anasimulia kwamba Waepikuro, wafuasi wa mwanafalsafa Epikuro, walilicheka jambo hilo, wakisema hata punda analijua: akiona majani huyaendea moja kwa moja, hazunguki kwanza. Kwa hiyo ukirudi na 3, 4 na 9, usiandike "hakuna pembetatu". Kapime tena, maana kuna namba iliyokosewa.

Au imekadiriwa vibaya. Pande za 2.4, 3.4 na 5.6 zinaunda pembetatu halali, kwani 5.8 inazidi 5.6. Zikadirie kuwa namba nzima, unabaki na 2, 3 na 6, na pembetatu imetoweka kwenye karatasi tu. Fanya jaribio kwanza, ukadirie baadaye.

Dhana: Umbali wa barabara unatosha.

Tuseme A hadi B ni kilomita 6, B hadi C ni kilomita 8, barabara zote mbili zimenyooka na zinakutana B kwa pembe mraba. Kama hakuna njia nyingine, A hadi C kwa barabara ni kilomita 14. Jaribio litakuambia ni mstari mmoja, ilhali kwa mstari mnyoofu A na C zimeachana kilomita 10 tu na pembetatu ipo wazi kabisa. Tumia umbali wa mstari mnyoofu, uliokokotolewa kutoka kwenye ramani yenye skeli au majira ya nukta, yaani namba zinazoonyesha mahali pa kila nukta.